Nilipeleka ngozi ya tasi Ulaya ikapimwe, mashine ikamuona mama yangu

Wakuu, habari za saa hizi. Wakubwa shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mie humu ni msomaji wa siku nyingi, kazi yangu ku-like na kupita. Juzi nimeona kijana kauliza kama kusomea samaki kuna maana yoyote, wachangiaji wakamcheka mpaka nikamuonea huruma. Nikasema acha nije na langu. Sitatia chumvi, na penye kusahau nitasema nimesahau, maana ni mambo ya miaka ya tisini na kichwa si kile tena.

Halafu kabla hamjaanza kuniita braza: mie ni mwanamke, tena bibi wa watu. Hiyo picha ya mabondia kwenye profile kaweka mwanangu.

Haya, twende.

Mwaka aliofariki baba nilikuwa nasoma shahada ya pili, mambo ya viumbe wa baharini. Ni ile miaka ya ruksa, biashara imeshafunguliwa, maduka yamejaa sabuni za kila rangi, mitumba kila kona, na umeme wa mgao.

Kazi yangu ilikuwa peptaidi. Msikimbie, naeleza kwa lugha ya nyumbani.

Protini ichukulieni kama uzi mrefu wa shanga (wanaume wa humu najua mawazo yenu yameshafika kiunoni, yarudisheni). Peptaidi ni kipande kifupi cha shanga hizo. Samaki anavyo vipande hivyo mwilini kwa asili yake, na baadhi kazi yao ni ulinzi. Ndiyo maana anaishi kwenye maji yenye vijidudu vya kila aina na ngozi yake haioti vidonda ovyo. Mie nilitaka kujua ngozi na ute wa tasi vina vipande gani.

Tasi mnamjua. Yule bapa mwenye miiba ya sumu mgongoni, akikuchoma unataja majina ya ukoo mzima.

Sasa kupima vitu vidogo namna hiyo kunataka mashine inayoitwa mass spectrometer. Chuoni kwetu haikuwepo. Ilikuwepo Ulaya, kwenye maabara ya rafiki wa msimamizi wangu, mama mmoja anaitwa Karin, na yeye alikubali kutupimia.

Kwa Kiswahili cha uani kwetu mashine ile ni mizani tu. Inavirusha vile vipande ndani ya bomba lisilo na hewa. Vyepesi vinawahi kufika, vizito vinachelewa, na kwa kuangalia nani kawahi na nani kachelewa inajua uzito wa kila kimoja. Majibu yanatoka kwenye karatasi, mstari mmoja mrefu wenye vilima vilima. Kila kilima ni kipande cha uzito wake. Hilo neno vilima lishikeni, tutalihitaji huko mbele.

Ishu ilikuwa hapa. Samaki akifa, mwili wake mwenyewe unaanza kumkatakata kwa ndani. Ukichelewa, vipande unavyopima si vya asili tena, ni makapi ya kuoza. Dawa yake ni kuchuna ngozi samaki akiwa mbichi kabisa, unaitumbukiza kwenye maji yanayochemka yenye asidi kidogo, kila kitu kinasimama pale pale. Mie kutoka pwani mpaka chuoni kwa usafiri wa wakati ule, samaki alikuwa anafika amelegea hana maana.

Ila kwetu ni Mbweni.

Na Mbweni ninayosema si hii yenu ya mageti na kuta zenye nyaya za umeme. Ilikuwa minazi na mikorosho, nyumba moja hapa nyingine kule, na samaki wanashushwa jirani kabisa na uani kwetu. Kwa hiyo mpango ulikuwepo tangu baba yu hai: ngozi nikachunie nyumbani.

Baba alikuwa dereva wa malori ya makontena Kurasini. Aliniungia meza kwa mbao za makasha ya bandarini. Alinisimamisha ukutani akanipima kimo, akasema mtu aliyesoma asiiname kama anayefua. Meza ikakaa uani inasubiri.

Hakuiona ikifanya kazi. Presha ilimkuta kazini, karibu na lori lake, na tukaletewa nyumbani mtu wa kuzikwa.

Mama akaingia eda. Kwa wasiozijua taratibu zetu: mjane wa Kiislamu anakaa nyumbani kwake kwa muda uliowekwa, hajipambi, hajitii manukato, hatoki bila dharura.

Sasa mama yangu alikuwa muuza samaki wa kukaanga. Sauti yake pale ufukweni ilikuwa inafika kabla yake. Asubuhi anagombana na wavuvi juu ya bei, mchana anawapelekea chai wale wale aliowatukana. Mtu wa namna hiyo akawa ndani, kimya.

Ukimya ndio ulionitisha, wakuu. Salamu anaitikia. Ukimuuliza amekula anasema amekula, na sahani ipo vilevile na nzi juu. Nilihamia nyumbani nikawa nalala naye chumba kimoja. Niliogopa sana, nasema wazi. Niliona kama baba amemshika mkono na yeye anajivuta kumfuata.

Kitu pekee alichokuwa anakishika ni kofia ya baba.

Ilikuwa kofia ya mkono, aliishona mwenyewe wakati ni wachumba, viua vidogo vidogo kwa uzi wa rangi ya maziwa. Baba alikuwa na kofia nyingine za kununua ila ile ndiyo aliyoendeshea lori maisha yake yote. Kila Alhamisi mama anaifua, anaitia wanga, anaitega juu ya bakuli ikauke na umbo lake, Ijumaa baba anatoka nayo inang'aa.

Siku baba alipoanguka ilikuwa kichwani. Ikarudi na jasho lake la siku ile. Mama akaifunga kwenye kanga na hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kuinusa, sembuse kuifua.

Bamkubwa, kaka yake baba, alikuwa anakaa Temeke. Siku ya hitima aliiomba ile kofia, taratibu kabisa, wala si kwa tamaa. Walizaliwa wawili tu kwa mama yao na alitaka abaki na kitu cha mdogo wake. Mama aliinuka akaingia chumbani.

Bamkubwa akaniambia nisimlazimishe shemeji yake. Halafu akaniuliza kama anakula. Nikasema anakula, macho yangu chini.

Basi hali ndiyo ilikuwa hiyo. Msimamizi wangu alikuwa tayari kunisubiri, ila Karin alikuwa na nafasi kwenye mashine kipindi kile tu. Nikaona nianze. Nikatandika plastiki juu ya meza ya baba, nikawasha jiko la mchina la mafuta ya taa, nikaweka maji ya maabara na asidi yangu. Nikanunua tasi wa kwanza wanaotingishika bado.

Wa kwanza tu akanichoma.

Nililia kama mtoto, kidole kimevimba, kisu nimekishika kwa mkono mwingine nachuna huku nakata nyama. Nilikuwa najua muundo wa ngozi ya tasi mpaka chembechembe zake, kuichuna ndiyo sijui. Nyumbani kwetu samaki alikuwa anashughulikiwa na mama, sie tulikuwa tunakula.

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Sijui alisimama kwa muda gani. Alikuja akanipokonya kisu.

"Toka hapo," alisema. "Unamtesa na kafa tayari."

Ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu msiba.

Alichuna yule tasi kwa mkupuo, ngozi ikatoka nzima kama soksi. Akashika wa pili. Akanyoosha mkono kwenda kwenye majivu, maana watu wa samaki wanajua ute unateleza na majivu yanashikisha vidole. Nikamwambia majivu hapana, yataingia kwenye vipimo. Akatafuta ndimu. Nikamwambia ndimu pia hapana. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa apike bila moto.

Nikamletea glovu.

Alizivaa, akambonyeza samaki kwa dole gumba, akazivua. Akasema na mipira hiyo atamsikiaje samaki. Maana mama hakuwa anatazama macho ya samaki kujua ubichi kama nyie mnavyofundishwa mitandaoni. Alikuwa anabonyeza ubavuni kwa dole gumba na dole lenyewe linamwambia. Aliyelegea alikuwa anamtupa pembeni bila kuniuliza, na kwa kazi yangu hilo lilikuwa jambo kubwa.

Nilijua kabisa maelekezo yanasema glovu. Ila nilimwangalia pale: mikono ya gauni kaikunja, kanga ya kichwa imeteleza begani, ananifokea maji yanachemka na nimeduwaa. Nilikuwa nimemkosa mtu wa kunifokea. Nikazirudisha zile glovu kwenye boksi.

Alipoona natumbukiza ngozi kwenye maji yenye asidi, na asidi yenyewe inanuka siki, alicheka kwa pua.

"Kumbe mnasoma miaka yote hiyo kuja kupika supu."

Nyama iliyobaki tukaipika na nazi. Alikula. Nilijifanya sioni, nikawa natafuna huku machozi yananidondokea kwenye wali.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yetu ya asubuhi. Mie naleta samaki, yeye anachuna, mie napika supu yangu, nasaga, nachuja, natia kwenye vichupa, vichupa kwenye chupa pana ya barafu, mbio chuoni kabla mgao haujanikuta. Kule tunaikausha inabaki unga. Shangazi mmoja alikuja akanuna, mfiwa gani anapasua samaki. Mama akamjibu anapasulia ndani ya ua wake, kama haramu amletee aya. Shangazi akanywa chai akaondoka.

Mama akaanza na maswali. Anataka kujua vile vipande vya shanga vinaitwaje, na akishindwa kutamka akavipa jina lake, vitoto vya nyama. Anataka kujua Karin ana watoto. Ananiuliza na yeye Karin anakula tasi au anampima tu.

Kofia bado ilikuwa kwenye kanga. Ila sahani zilianza kurudi jikoni tupu.

Unga ukasafiri na mhadhiri aliyekuwa anakwenda huko. Tukasubiri.

Majibu yalipokuja msimamizi wangu aliniita ofisini, na kwa jinsi alivyonikaribisha kiti nikajua si mema. Alinipangia karatasi mezani. Vilima vilikuwepo, vingi na vizuri. Ila Karin alikuwa amevizungushia baadhi kalamu nyekundu na kuandika pembeni: hivi si vya samaki.

Ni vipande vya protini ya ngozi ya binadamu. Kwenye kazi ile ndiyo uchafu unaojulikana kuliko wote, ngozi yetu inapukutika kila tunapogusa, na mashine haina adabu, inaona kila kitu. Vilikuwa vimetapakaa kwenye sampuli zote nilizoanza nazo. Msimamizi hakunifokea. Alisema tu hizi hatuwezi kuzitumia, Karin atatutafutia nafasi nyingine, rudia na uvae glovu.

Njiani nilipanga uongo. Nitamwambia mama mashine iliharibika. Nilihofia akijua ni mikono yake ataiacha kazi na kurudi kitandani, na mie sikuwa na samaki mwingine wa kumtoa kule.

Ila mama yangu alikuwa anawasoma wavuvi waongo tangu sijazaliwa. Nilipofika alinitazama mara moja tu akasema nilete hizo karatasi.

Hajui kusoma kizungu. Alizikalia mkekani, akapitisha kidole kwenye mstari, kilima kwa kilima, kama anayepapasa kitambaa dukani. Akafika kwenye duara jekundu. Akaniuliza hiki ni nini.

Nikamwambia kile cha pembeni ni samaki. Hicho chenye duara ni mtu.

"Mtu gani?"

"Wewe, mama."

Aliigeuza mikono yake, akaangalia viganja, akaangalia karatasi. Akasema amenikoroga. Nikamwambia hajanikoroga, tutarudia, hata msimamizi hakukasirika. Lakini sikuwa na uhakika ananisikia. Siku ile hakula tena, nami sikulala vizuri.

Asubuhi alikuwa uani kabla yangu. Amekaa kwenye meza ya baba na ile kanga ya kofia mapajani.

"Huko Ulaya nimo mie kwenye karatasi," alisema, "na nilishika samaki tu. Na yeye alivaa hii miaka yote. Hatakuwemo?"

Wakuu, nilikuwa najua jibu la kitaalamu. Mashine haisomi jina. Protini ya ngozi ni ile ile kwangu, kwako, kwa rais na kwa kuli wa bandarini. Itasema ni binadamu, basi. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaona alivyoishika.

Nikasema atakuwemo. Na huo haukuwa uongo.

Tulifanya hivi. Nilivaa glovu mbilimbili, nikafunika pua na nywele. Mama aliniambia nisiiloweshe yote, harufu isiondoke. Nikachagua sehemu moja ya ukingo wa ndani, pale jasho lilipokuwa limeacha rangi ya chai, nikaisuuza kwa matone ya maji yangu, matone yakaingia kwenye kichupa. Yeye alikuwa anaishikilia kofia kwa kanga ili asiiguse. Pumzi zetu tulizibana sote wawili.

Kichupa kile sikukificha kwenye vya samaki. Nilimwandikia Karin barua nikamweleza ni nini, ni ya nani na nani anasubiri. Nikamwambia asipopata nafasi nitaelewa.

Halafu tukarudia kazi ya tasi upya. Mama alivaa glovu. Alizilalamikia kila siku, alisema ni kama kuoga na nguo, ila alizivaa, na akagundua akibonyeza kwa kifundo cha mkono juu ya glovu bado samaki anamjibu.

Eda ikaisha kabla majibu hayajarudi.

Bamkubwa alikuja na wazee wengine, ikasomwa dua, na nguo za baba zikagawiwa kama desturi. Mashati kwa huyu, msuli kwa yule, koti kwa jirani aliyemchimbia kaburi. Mama alitoa vyote kwa mkono wake mwenyewe. Kofia hakuitoa.

Bamkubwa hakuiomba mara ya pili. Mama ndiye aliyemwambia, mbele yangu, kwamba kuna sehemu yake imepelekwa Ulaya kwenye mizani, na hawezi kuiachia kabla jibu halijaja. Nilitamani ardhi inimeze. Nilidhani mzee atasema mjane amechanganyikiwa na binti msomi ndiye anamchochea.

Bamkubwa alifikiri kidogo. Akasema basi na yeye atasubiri mizani.

Kuanzia hapo akawa anakuja kila baada ya Ijumaa, anakunywa kahawa, anauliza samaki wanaendeleaje. Hakuna aliyetaja kofia. Nilikuwa na watu wawili wazima wanasubiri karatasi ambayo najua haina jina la mtu, na kila nikitaka kuwaambia, mmoja wao ananiuliza barua ya Karin imefika.

Barua ikafika kipindi cha masika, njia imejaa tope mpaka magotini.

Majibu ya tasi yalikuwa safi, hakuna duara jekundu hata moja, na msimamizi alinipa mkono. Chini kabisa ya bahasha kulikuwa na karatasi moja peke yake na kikaratasi cha Karin. Aliandika kwamba sampuli ya mwisho, ile ya kofia, ndiyo aliyoipima kwanza. Aliandika pia: humu hakuna samaki.

Niliipeleka nyumbani siku ambayo najua Bamkubwa atakuwepo. Sikutaka kusema maneno yale mara mbili.

Walikaa barazani. Mama aliichukua karatasi, akaingia ndani, akarudi na ile ya zamani yenye maduara mekundu. Alikuwa ameihifadhi kwenye mto wake, mie nilidhani nimeitupa. Akaziweka moja juu ya nyingine, akazinyanyua kwenye mwanga.

Vilima vya duara jekundu na vilima vya kofia vilikuwa vimelaliana. Pale pale. Kimoja kimoja.

Bamkubwa akauliza hiyo maana yake ni nini. Hapo sikuwa na pa kukimbilia.

Nikawaambia. Nikasema mashine haijui majina. Inajua tu kwamba ni mtu. Ngozi ya kila mtu ingeacha vilima hivyo hivyo. Na kofia yenyewe mama ndiye aliyeishona, ndiye aliyekuwa anaifua kila Alhamisi, kwa hiyo humo ndani wamo wote wawili na mashine haiwezi kuwatenganisha. Nikasema samahani, mama, nilitaka kukwambia mapema.

Mama hakuzishusha karatasi. Aliziangalia muda mrefu, mwanga unapita.

"Ndo vizuri," alisema. "Isitutenganishe."

Bamkubwa alijifuta uso kwa leso, akasingizia kahawa ya moto.

Alhamisi iliyofuata nilirudi kutoka chuoni nikakuta beseni uani. Mama anafua kofia. Aliisuuza, akaitia wanga, akaitega juu ya bakuli lile lile, akakaa karibu yake mpaka ikakauka kama vile inaweza kukimbia. Maji ya beseni hakuyamwaga njiani, aliyamwaga chini ya mlimau.

Ijumaa Bamkubwa alipokuja mama alimkabidhi kwa mikono miwili.

Sasa wakuu, kichwa cha Bamkubwa ni kikubwa kuliko cha baba. Aliivaa pale pale, kwa heshima zote, na kofia ikakaa juu kabisa kama kifuniko cha birika. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mzee kasimama wima, machozi yanamlengalenga, kofia inayumba.

Mama ndiye aliyeanza. Alicheka ile ya ufukweni, ile ya zamani, mpaka jirani akaita kwa mbali kuuliza kuna nini. Bamkubwa naye akacheka, kofia ikaanguka, akaidaka kifuani. Hakuivaa tena kichwani ila nilikuja kuambiwa na wanawe kwamba aliiweka juu ya redio yake hadi mwisho.

Jumatatu mama alikuwa ufukweni anagombana na wavuvi.

Mie nilimaliza shahada yangu. Kama kuna anayetaka kujua, tasi ana vipande vingi vya kujilinda kuliko tulivyodhani, na viwili kati yake sikuweza kuvipa maelezo mpaka leo. Nimefanya kazi nyingi baada ya ile, na mashine nimezitumia mwenyewe zenye akili kuliko ya Karin. Bado wanafunzi wangu wakileta vilima vya ngozi yao nawaambia warudie, nawafokea, ndiyo kazi. Ila karatasi yenyewe siitupi mbele yao. Nasubiri watoke kwanza.

Mama tulimpumzisha miaka michache iliyopita, palepale Mbweni, jirani na baba. Mabinti wa ukoo ndio tuliomuosha. Yule mama mwoshaji alitugawia glovu, kama inavyofanyika siku hizi. Wenzangu wakavaa.

Mie za kwangu niliziweka pembeni.

Funzo nililopata ni dogo, wala halihitaji shahada. Unaowapenda wanabaki kwenye vitu walivyovishika, muda mrefu kuliko unavyodhani, hata kama hakuna mashine ya kuwaita kwa jina. Walio na wazazi bado hai, nendeni mkashikwe mikono. Na huyo kijana wa juzi, mwanangu, nenda kasomee samaki.

Uwanja ni wenu sasa. Wa sayansi nikosoeni, wa pwani niongezeeni. Na kama kuna mtu humu ana nguo ya mtu wake ambayo mpaka leo ameshindwa kuifua, aje aseme hapa chini.

Hatutamcheka.